Zamu ya Kumsoma Kifaru

Katika nchi ile umri haukukaa mahali pamoja. Mtu aliweza kuamka mzee, akapiga mswaki akiwa mzee, na kufika sokoni ni kijana wa kuoa. Alasiri ukamkuta amekaa kizingitini kwake analia kwa sababu kamba za viatu zimemshinda kufunga. Hakuna aliyeshangaa. Asubuhi mama alimbeba mwanawe, mchana mwana akambeba mama, na majirani wakawasalimia wote wawili bila kuuliza nani ni nani leo.

Tulioona aibu ni sisi wa Baraza. Utawatawalaje watu ambao hawajui saa sita watakuwa na meno au watakuwa vibogoyo? Ndipo yakashonwa makoti. Yalikuwa makoti ya kijivu, mazito, yenye vifungo hadi shingoni. Ukilivaa, umri wako unatulia pale ulipo. Mimi nilivalishwa nikiwa mtu mzima wa makamo, mwenye kipara kinachoanza, na nikabaki hivyo. Jina langu Shomari, lakini ndani ya koti niliitwa Mkaguzi, nami niliitika.

Kuna swali moja lililokuwa likinisumbua nikilala chali baada ya chakula cha mchana. Ikiwa mimi wa jana siye mimi wa leo, ni nini kinachotoka jana na kufika leo? Mwili? Mwili unabadilika. Jina? Jina nilikwisha kulivua. Koti? Basi ikiwa ni koti, siku likitundikwa msumarini, ni nani atakayekuwa ametundikwa? Niliwaza hivyo mpaka usingizi ukanichukua, na nikiamka niliendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilitokana na amri ya Mheshimiwa Mratibu, mwanamke aliyekuwa juu yetu sote. Alikuwa amegundua kwamba umri huwaponyoka watu zaidi wanaposhika vitu vya zamani. Mtu anaketi kwenye kiti cha babu yake, mara anarudi utotoni. Kwa hiyo akaamuru kila kitu kilichoguswa sana kiondolewe na kuwekwa kipya mahali pake. Tulianza na viti. Tukafuata vikombe vyenye mapengo, milango iliyolainika kwa viganja, ngazi zilizobonyea katikati. Mwisho zikabaki maktaba za shule, nami nikapewa shule iliyokuwa mlimani, nikapanda na mkokoteni uliojaa vitabu vipya.

Mwangalizi wa maktaba aliitwa Mwalimu Tunu. Siku ile nilimkuta ana umri wa bibi, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, miwani imening'inia kifuani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa maji ya kunywa. Kisha akaushika mkokoteni wangu mwenyewe na kuanza kushusha vitabu kwa furaha ambayo sikuitarajia.

"Vizuri hivi!" alisema. "Tazama rangi hizi. Nani anakataa vitabu, mwanangu?"

"Nimekuja pia kuchukua vile vya zamani, Mwalimu. Vilivyochakaa."

"Nimesikia amri." Alipuliza vumbi kwenye rafu tupu na kuanza kupanga. "Utavichukua. Ila watoto wako njiani wanakuja. Keti kwanza uwaone wanavyosoma, ukishaona fanya ulichotumwa."

Niliketi. Chumba kilikuwa kirefu, kimeezekwa bati, na jua la mlimani lilikuwa kali. Vitabu vya picha vilikaa kwenye rafu ya chini kabisa, usawa wa goti langu, na hata kutoka nilipokuwa niliweza kuona jinsi migongo yake ilivyokwisha. Mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikautia alama moyoni: huo utakuwa wa kwanza kuondoka.

Watoto wakaingia. Nisidanganye: vitabu vipya waliviona, na walivifurahia. Walivinusa. Waligombea kimoja chenye kurasa zinazosimama zenyewe ukizifungua, na msichana mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nikajiona nimeshinda kabla ya kushindana. Lakini baada ya muda kelele zilipungua, mtoto mmoja baada ya mwingine akaenda kukaa kwenye mkeka, na yule aliyecheka, aitwaye Chausiku, mwenye mwanya mkubwa mbele, akapaza sauti.

"Mwalimu, si tunamsoma kifaru?"

"Tunamsoma," alisema Mwalimu Tunu, na akakitoa kile kitabu cha uzi mwekundu.

Kiliitwa *Kifaru Mpangaji*. Ni hadithi nyepesi hata naona haya kuisimulia. Kifaru anakuja mjini kutafuta chumba cha kupanga. Anabisha nyumba moja, anaambiwa mlango ni mwembamba. Anabisha ya pili, anaambiwa sakafu haitamhimili. Ya tatu wanasikia kwamba anakoroma, wanafunga dirisha kabisa. Kila akibisha, maneno ni yaleyale, na watoto waliyasema pamoja huku wakigonga sakafu kwa ngumi:

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi, na pembe yangu!"

Jasho lilinitoka. Kola ilinikaba. Bati lilikuwa linawaka juu ya vichwa vyetu na nilijiambia kwamba nafungua kifungo kimoja tu, nipate hewa. Kisha nikafungua cha pili. Sikumbuki nilivifungua vyote saa ngapi. Nakumbuka koti likiwa limekaa peke yake kitini kama mtu aliyekatwa kichwa, na mimi nikiwa kwenye mkeka, magoti yana makovu, mguu wangu umekanyagwa na mguu wa Chausiku.

"Sogea huko, unaniziba," alisema.

Nikasogea.

Mimi. Mimi nani? Mimi, na pembe yangu. Nilikuwa nimekijua kitabu hiki. Nilikuwa nimelala juu yake, nimekula mkate juu yake, nimemchukia yule mwenye nyumba wa pili mwenye tumbo na kofia. Nilijua kinachokuja ukurasa wa mbele na bado moyo ulinidunda kana kwamba sijui. Hilo ndilo lililonistaajabisha. Habari nyingine ukishaijua imekwisha. Hii nilikuwa naijua na ilikuwa haijatokea bado. Kifaru alikuwa amesimama barabarani na mkoba wake, mvua inamnyeshea, na mimi sikuwa na hakika, kwa kweli sikuwa na hakika, kwamba safari hii atapata mahali pa kulala.

Alipata. Mwishoni anafika kwa mama fundi cherehani, mlango wake ni mwembamba kuliko yote. Mama anamtazama, anautazama ukuta, anasema: "Ukuta huu nilikuwa nautafutia sababu ya kuubomoa." Na ukurasa wa mwisho hauna neno. Kifaru amelala amefunikwa blanketi la viraka, na jua linaingia pale palipokuwa na ukuta.

Watoto walitawanyika. Nilirudi kwenye koti langu, nikalivaa polepole, umri ukanirudia kuanzia miguuni kama maji ya baridi. Mwalimu Tunu alikuwa akifuta miwani.

"Nimeelewa," nilimwambia. "Ni kumbukumbu. Wewe ulikipenda zamani, mimi nilikipenda zamani, tunajipenda wenyewe tulivyokuwa. Ndiyo maana Mheshimiwa anaviogopa."

"Inawezekana," alisema. "Na Chausiku je? Yeye anakumbuka nini? Kitabu amekiona mara ya kwanza mvua zilizopita."

Niliuteremsha mkokoteni mlimani ukiwa mtupu.

*

Mheshimiwa Mratibu alikuwa na ofisi pana yenye dirisha linalotazama mji mzima. Hakuna aliyewahi kumwona nje ya koti. Ilisemekana alilivaa mapema sana, kabla ya wote, na kwamba ndiye aliyelibuni. Alikuwa mrefu, wa makamo, na alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka wewe mwenyewe uongeze maneno ya kukuponza.

"Viko wapi?" aliniuliza.

"Nimeviacha, Mheshimiwa."

Akanyamaza. Nikaongeza.

"Nilishindwa."

"Mtu mzima ameshindwa na kitabu cha picha."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Twende ukaone mwenyewe."

Nilidhani nimejifukuzisha kazi. Lakini alinitazama kwa namna ya mtu aliyesikia jina la mji asioujua, akasimama, akaita askari wake wawili. Tulipanda mlima kwa miguu. Njiani hakusema lolote, isipokuwa mara moja, karibu na lango la shule, aliposimama kuvuta pumzi.

"Shuleni kwetu hapakuwa na vitabu," alisema. "Palikuwa na ubao, na fimbo."

Nikajua basi kwamba nadharia yangu itapimwa. Kama ni kumbukumbu tu, mwanamke huyu hana cha kukumbuka. Atakifungua, ataona karatasi iliyochanika na mnyama mnene, atakifunga. Na mimi nitakibeba kile kitabu kwa mikono yangu kwenda kukitupa. Sijui lini nilikuwa nimehama upande. Nilijikuta tu niko upande wa pili.

Mwalimu Tunu, aliyekuwa msichana wa miaka ishirini siku ile, mwenye kitambaa kilekile cha kijani, alimpokea kwa heshima na kumpa kiti. Kilikuwa cha watoto, maana hapakuwa na vingine. Magoti ya Mheshimiwa yakapanda mpaka kidevuni. Askari walibaki mlangoni. Watoto walikuwa kwenye mkeka, wamekaa kimya, wanamwangalia jinsi watoto wanavyomwangalia mgeni ambaye wazazi wao humtaja kwa kunong'ona.

"Kiko wapi?" aliuliza.

Chausiku ndiye aliyekuwa amekishika. Alinyanyuka akampa, kisha akarudi kukaa, lakini karibu naye zaidi kuliko alipokuwa mwanzo.

Mheshimiwa alikisoma jinsi alivyozoea kusoma nyaraka, haraka, kwa macho tu. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akasimama. Akarudi wa kwanza. Paji la uso likakunjamana.

"Huyu kifaranga ni nani?" aliuliza.

Niliwaona watoto wakibana midomo.

Lazima nieleze. Katika kila picha ya kitabu kile yumo kifaranga mdogo wa njano. Maneno hayamtaji hata mara moja. Kwenye nyumba ya kwanza yuko nyuma ya ndoo, kwenye ya pili amejificha ndani ya kofia ya yule mwenye tumbo, na mvua inaponyesha yuko chini ya sikio la kifaru. Aliyechora alimweka, aliyeandika akamnyamazia, na watoto wa shule ile walikuwa na mapatano yao yasiyosemwa: mgeni haambiwi. Kila mmoja alikuwa amempata mwenyewe, na kila mmoja kwa muda fulani aliamini kwamba dunia nzima hakuna mwingine anayejua.

Mheshimiwa alifungua ukurasa wa tatu na sasa hakuwa anasoma, alikuwa anatafuta. Kidole chake kilitambaa juu ya madirisha, juu ya kamba ya nguo.

"Hayupo," alisema.

Akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Nawaambia hayupo! Kwenye hii wamesaha..." Kidole kikagota. "Aah! Kumbe yuko hapa! Ndani ya soksi!"

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Kilikuwa kama mlango uliokwama siku nyingi, ukagoma, ukagoma, halafu ukafunguka wote kwa kishindo. Kifungo cha juu kiliruka kikagonga ukuta. Kikafuata kingine. Watoto nao wakacheka, wakamzunguka, mmoja akimwonyesha hiki na mwingine akimkataza mwenzake asionyeshe, na koti likamteleza mabegani likaanguka nyuma ya kiti. Kitini alibaki mtoto wa kike, mweusi, mwembamba, nywele zimesukwa mistari, amekaa kwenye kiti kilichomtosha barabara.

"Unaitwa nani?" Chausiku alimuuliza.

"Asumini."

"Njoo chini, Asumini. Ukikaa huko juu hatuoni."

Alishuka. Wakasoma tokea mwanzo, kwa sauti, na walipofika kwenye kubisha hodi alikuwa hayajui maneno, lakini nyumba ya tatu alikuwa anapiga kelele kuwashinda wote. Askari walichungulia, wakahesabu watoto kwa macho, wakababaika.

"Mheshimiwa yuko wapi?" mmoja aliuliza.

"Yuko anasoma," alisema Mwalimu Tunu. "Subirini nje."

Nilisimama kando ya rafu nikiwatazama, na lile swali langu la kulala chali likaja na kunikuta sina haja nalo sana. Nilikuwa nimekosea. Nilidhani kitabu kile kinatuvuta kwa kuwa sisi tuliacha kitu chetu ndani yake. Asumini hakuwa ameacha chochote. Hakurudi popote, alikuwa amefika mara ya kwanza. Karatasi ilikuwa imezeeka, uzi umezeeka, vidole vyetu sote vimeacha mafuta kwenye pembe za kurasa, lakini kifaru alikuwa akishuka na mkoba wake mjini asubuhi ileile, na mvua ilikuwa bado haijaanza. Labda ndicho kinachofika leo kutoka jana: mahali ambapo mtu anaweza kuanza. Sisemi kwamba nina hakika. Nasema nilitosheka.

*

Walipomaliza, Asumini aliliona koti sakafuni. Alilitazama kwa muda, kisha akalivaa mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Nilielewa. Mji ulikuwa unamngoja. Akawa mrefu tena, wa makamo tena, ila vifungo viwili vya juu havikuwepo. Alikibana kitabu kwapani.

"Hiki nitaondoka nacho," alisema.

Chausiku akasimama mbele yake. Mwanya wake ulikuwa usawa wa kifungo cha tatu cha lile koti.

"Ni zamu yangu."

Mwalimu Tunu alifumba macho. Mimi nilishika rafu.

"Unajua unasema na nani?" Mheshimiwa alimuuliza.

"Najua. Na Asumini. Si tulikuwa tumekaa wote pale sasa hivi? Leo mimi ndiye nampeleka kifaru nyumbani. Nilingoja na mimi."

Mheshimiwa akanyamaza, ule unyamavu wake uliokuwa ukitufanya sisi watu wazima tuongeze maneno. Chausiku hakuongeza. Aliinua mikono yote miwili, viganja juu, akangoja apewe. Nje askari mmoja alikohoa. Nilijua kwamba neno moja la mwanamke yule lingetosha kuifunga shule, na yeye alijua, na nadhani hata mtoto alijua.

"Na baada yako nani?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna bado."

"Basi niandike mimi."

"Hatuandiki. Tunakumbuka tu."

Mheshimiwa alikiweka kitabu juu ya vile viganja. Alikiweka taratibu, kwa sababu ya ule mgongo ulioshonwa. Kisha akanigeukia.

"Mkaguzi, amri ni yangu na naijua. Inasema kilichochakaa kiondolewe. Nimekikagua mwenyewe. Kilichochakaa hapa ni karatasi na uzi. Tafuta gundi."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ninayoifanya mpaka leo. Ninakaa kwenye meza ya pembeni, napaka gundi, nabana kurasa kwa mbao mbili na jiwe. Vile vipya nilivyopanda navyo vimeanza kuletwa mezani kwangu pia. Kile chenye kurasa zinazosimama kimeng'oka mlango wa ikulu yake. Nimeurudisha, umeng'oka tena. Viwili vitatu hakuna anayevigusa, vinang'aa tu. Nami siku hizi kitabu kinachong'aa nakionea huruma.

Chausiku hakuharakishwa. Alikaa na kifaru siku zote za mapumziko, akamsomea nyanya yake, akamsomea mbuzi. Alipokirudisha, Mwalimu Tunu alimkumbusha zamu inayofuata ni ya nani, na akanituma nimsindikize, kwa kuwa mjini ni mbali.

Ofisini tulimkuta Mheshimiwa katikati ya kikao. Wazee wa makoti walikuwa wamejaa meza nzima, mmoja akieleza habari za madaraja. Mheshimiwa alikuwa akimsikiliza huku akimenya karanga, maganda yamerundikana mbele yake. Alipotuona mlangoni aliacha kutafuna.

"Tutaendelea baadaye," aliwaambia.

"Mheshimiwa, lile daraja..."

"Daraja halikimbii. Naomba mtupishe."

Wakatoka mmoja mmoja, wakitutazama. Yeye alivuta kiti kingine akakiweka karibu na chake, akanyoosha mikono juu ya meza kukipokea kitabu, na usoni alikuwa na wasiwasi wa mtu anayeogopa kwamba ataambiwa arudi kesho.

Chausiku hakukitoa. Alikikumbatia kifuani, akayatazama yale maganda, akaitazama ile mikono.

"Kanawe kwanza," alisema.

Mheshimiwa Mratibu aliinuka, akazunguka meza, akatupita mbio akielekea bombani.